Mwaka wa Kumtafuta Mkosaji

Mwezi uliopita Ciku alinialika kwake, mtaa wa Fedha, Nairobi, tukamsherehekee mama yake, ambaye ametimiza miaka themanini. Nilimkuta Mama Ciku kwenye kiti karibu na dirisha, kilemba cha zambarau kichwani, sahani ya mukimo mapajani, akiwakemea wajukuu kwa Kikuyu na kuwasamehe kwa Kiswahili. Mimi na yeye hatuna damu moja, wala kijiji kimoja, wala kanisa moja. Tulikutana kwenye benchi la hospitali, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, yeye akiwa mama wa watoto watatu anayeuza vitambaa soko la Gikomba, sote tukisubiri kutiwa ile dawa nyekundu mshipani. Yeye kwa ajili ya titi, mimi kwa ajili ya shingo. Tangu hapo hatujapoteana. Kila tukionana jambo la kwanza analofanya ni kunibonyeza shingo kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua parachichi sokoni, kisha anasema, "Haya, kaa."

Tulipokuwa tunakula, mjukuu wake mmoja, kijana wa chuo, akamuuliza, "Shosh, kwani wewe kansa ulitoa wapi?" Meza nzima ikaamka. Shangazi mmoja akasema ni sukari. Kijana mwingine akasema ni simu, hasa ukilala nayo karibu na kichwa. Ciku akasema ni mafuta ya chipsi yanayochemshwa wiki nzima, na sukuma wiki inayomwagiliwa maji ya mtaro. Mzee wa kanisa aliyekaa pembeni akasema kwa upole kwamba mara nyingi ni kinyongo, mtu akikaa nacho sana moyoni. Kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake na ushahidi wake. Mama Ciku akanitazama, akacheka mpaka kijiko kikamtikisika mkononi. "Muulizeni mwalimu," akasema. Nimefundisha bayolojia miaka mingi, na majibu ya darasani ninayo, basi nikawapa machache. Lakini nilipokuwa naongea nilikuwa namwona dada yangu Nekesa katika nyumba ya mtaa wa Umoja, amekaa mbele ya sahani ambayo hajaigusa. Mwaka ule niliougua nasi tulimtafuta mkosaji, kama wao walivyokuwa wakimtafuta pale mezani, na nusura kumtafuta kwenyewe kuniue kabla ya ugonjwa.

Nilikuja Umoja baada ya mtihani wa kidato cha nne, kungoja nafasi ya chuo cha ualimu. Nekesa alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ambayo mwenyewe ameiongeza mbele na nyuma mpaka ua ukabaki upana wa kamba ya nguo. Chumba cha nyuma walilala yeye, mumewe Wafula aliyekuwa akifanya kazi kanju, yaani baraza la jiji, na mtoto wao Simiyu. Chumba cha mbele kilikuwa sebule, jiko na mahali pake pa kazi: cherehani chini ya dirisha, stovu ya mafuta ya taa kwenye kona, na sare za shule zimetundikwa ukutani kama darasa lililosimama kimya. Mimi nililala humo humo, nyuma ya pazia, katikati ya marobota ya kitambaa cha kijani na cha kijivu. Mpaka leo nikinusa kitambaa kipya, kile ambacho hakijafuliwa wanga ukatoka, mwili wangu unalegea kama mtu aliyefika nyumbani. Jioni tulikula ugali na omena, au sukuma, na Jumapili kuku. Nekesa aligawia kila mtu, akaketi wa mwisho, na bado akala kuliko sisi sote. Alikuwa mtu wa kula na kucheka huku mdomo umejaa, na Wafula alipenda kusema kwamba alimwoa kwa sababu hakuwahi kuona mtu anayeheshimu ugali kiasi hicho.

Nekesa hakutaka nikae bure. Kupitia mama mmoja wa kanisani alinitafutia kazi mtaa wa Baba Dogo, kwenye karakana ya vitanda vya chuma. Wanaume walichomelea, sisi wasichana tulipaka rangi. Chumba cha rangi kilikuwa na mlango mmoja na dirisha lililopigiliwa mbao, kwa sababu mwenye karakana aliogopa vumbi lingeshika kwenye vitanda vibichi. Rangi ilichanganywa na thina, yale maji makali ya kuyeyushia, na ilipofika saa nne vichwa vilikuwa vinatuzunguka na tunacheka bila sababu. Nilirudi nyumbani nikinuka. Nekesa alinivulia ovaroli mlangoni, akailoweka kwenye beseni, akasema, "Vumilia tu mdogo wangu. Ukienda chuo utakuwa na sanduku la kwako na viatu vya kwako." Nilivumilia bila shida. Nilikuwa na afya, nina marafiki wa kazini, na ninalala usingizi wa mtoto.

Jumapili moja mchana, baada ya kuku, nilikaa chini kati ya magoti yake anisuke. Alikuwa ameshamaliza upande wa kulia. Alipougeuza uso wangu aanze kushoto, vidole vyake vikasimama chini ya sikio.

"Hii ni nini?"

"Nini?"

"Hii. Inauma?"

"Haiumi. Sijui hata ilianza lini."

Akabonyeza tena, pole pole. Kilikuwa kivimbe kama kokwa, kigumu, kinachohama kidogo ukikisukuma. Akasema ni mitoki tu, pengine jino au koo. Lakini hakumalizia kunisuka siku ile, na kesho yake nilienda kazini nimefunga kitambaa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

Tulianza na duka la dawa, vidonge vya rangi mbili. Kivimbe kikapata mwenzake, kisha wakawa watatu. Nikaanza kutokwa jasho usiku mpaka shuka linakamuliwa, ngozi inawasha pasipo upele, na sketi zinazunguka kiunoni. Kliniki ikasema ni kifua kikuu cha mitoki, na hawakukosea kufikiri hivyo, kwa kuwa ndicho walichokiona kila siku. Nilimeza dawa hizo miezi kadhaa na vivimbe havikujali. Mwishowe tulitumwa hospitali kubwa, wakanikata kipande kidogo shingoni, na tuliporudi kwa majibu tukamkuta Daktari Mwende, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, na nje ya mlango wake foleni imepinda kona. Alisema ni saratani ya tezi za limfu, zile za kinga ya mwili, aina ambayo inatibika mara nyingi, na kwamba matibabu yaanze haraka. Nekesa aliuliza swali moja tu: "Imetoka wapi?" Daktari akaangalia mlango, akasema, "Hatujui," na akaandika tarehe ya dawa.

Hilo "hatujui" tulirudi nalo Umoja likiwa limefunguka kama jeraha, na kila aliyekuja kutusabahi alilijaza chake. Jirani wa pili alisema ni maji ya mfereji. Mama mkwe wa Nekesa, aliyekuja kutoka Webuye na kuku wawili, alisema kuna mtu alichukua kipande cha nguo yangu, na kwamba katika nyumba ya mshonaji vipande vya nguo haviishi, kwa hiyo atafutwe mteja mwenye jicho baya. Mwanamke mmoja wa kanisa aliniuliza faraghani kama niliwahi kutoa mimba. Nilikuwa sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana. Sikumchukia yule mama, na leo simchukii. Naamini aliogopa. Kama ugonjwa una sababu, na sababu hiyo iko kwangu, basi yeye na binti zake wako salama. Watu wengi wanaouliza kansa ilitoka wapi wanataka kusikia kwamba haikutoka kwao.

Nekesa peke yake hakutaja mtu yeyote. Alifua ile ovaroli ya kazini, ingawa nilishaacha kazi. Akaianika, akaitoa, akaifua tena. Kisha nikaona kwamba hali chakula. Alipakua, akaketi, akamega ugali, akaufinyanga mkononi mpaka ukapoa, akaurudisha sahanini. Mchana mmoja walidhani nimelala nyuma ya pazia. Nilisikia kijiko cha Wafula kikisimama.

"Kula, Mama Simiyu."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Wiki mbili sasa unashiba hewa."

Halafu sauti ya Nekesa, ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia: "Ni mimi. Mimi ndiye niliyempeleka kwa ile rangi. Nilimwona akirudi na macho mekundu, nikamwambia avumilie. Mama aliniachia huyu mtoto nimtunze, nami nimemuua."

Wafula alisema tu, "Hajafa. Yuko hapo." Nikafunga macho nikajifanya mtu aliyelala, machozi yanaingia masikioni.

Matibabu yalikuwa kila wiki mbili, katika chumba kirefu chenye viti vya plastiki na chupa zinazoning'inia. Hapo ndipo Mama Ciku aliponiona natetemeka, akanifunika miguu kwa kitambaa cha dukani kwake. Kando yake alikaa Mzee Otieno, mstaafu wa reli, aliyekuwa na saratani ya koo na sauti ya mchanga. Mama Ciku hakuacha kujiuliza nini kilimpata, maana kwao hakuna aliyewahi kuugua titi. Mzee Otieno hakujiuliza. "Mimi ya kwangu naijua," alisema huku akigusa mfuko wa shati, pale sigara zilipokaa miaka yake yote ya kazi. "Nilikuwa nayo hapa, juu ya moyo." Tulipomuuliza kama kujua kunamsaidia, alifikiri. "Mimi, hapana. Lakini wanangu wawili wameacha." Muuguzi mmoja mchangamfu alitueleza kwamba moja ya dawa zetu ilitolewa kwenye ua lile dogo la rangi ya waridi lenye petali tano linalojiotea kando ya mageti na vibaraza vya mitaa yetu, na kwamba inafanya kazi kwa kuzuia seli isigawanyike: seli inapotaka kuwa mbili, dawa inaharibu nyuzi zinazovuta nusu huku na nusu kule. Seli za uvimbe hugawanyika kwa haraka, ndiyo maana zinapigwa. Seli za nywele nazo zina haraka, na za tumbo, ndiyo maana tulikuwa vipara tunaotapika. Nilimpenda yule muuguzi kwa sababu alitueleza bila kutuhurumia. Nadhani nilianza kuwa mwalimu wa bayolojia kwenye kiti kile cha plastiki, ndoo miguuni.

Nyumbani nilikuwa mzigo. Mate yalinijaa harufu ya chuma, chai ilinishinda, na nilikula uji wa wimbi tu, vijiko vichache, Simiyu akinihesabia kwa sauti na kuniongopea ili nile zaidi. Nywele zilipoanza kutoka, Nekesa aliziokota kwenye mto moja moja kabla sijaamka. Ndipo mtu akampeleka kwa nabii aliyekuwa amesimamisha hema kando ya barabara ya Outer Ring. Nabii yule hakumwambia mambo ya wachawi. Alimwambia kitu kilichomwingia zaidi: kwamba rangi ilinitia sumu mwilini, na hospitali inaongeza sumu juu ya sumu, na kwamba mkono ulionipeleka kwenye sumu ya kwanza usinipeleke kwenye ya pili.

Asubuhi ya dawa iliyofuata hakuniamsha. Jua lilinikuta kitandani, cherehani ikilia.

"Dada, si leo?"

"Hatuendi."

"Kwa nini?"

Hakugeuka. "Sumu moja nilikupeleka mwenyewe. Inatosha."

Nilichoka mno kubishana, na kusema kweli nilifurahi, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa unatapika kwa kuiona tu ile barabara ya hospitali. Wafula alisema neno, akajibiwa, akaenda kazini. Kama mambo yangeachiwa sisi watu watatu wa nyumba ile, kila mmoja akimpenda mwenzake, ningekufa.

Alasiri hiyo hiyo mlango uligongwa. Alikuwa Mama Ciku, ametoka moja kwa moja kwenye dawa yake, uso wa kijivu, kilemba kimeenda upande. Alikuwa ameniangalia kwenye viti, hakuniona, akamuuliza muuguzi, kisha akaanza kuulizia Umoja nzima nyumba ya mshonaji wa sare aliye na mdogo wake mgonjwa. Nekesa alisema, "Karibu, mama, keti." Mama Ciku akainua mkono kumwomba angoje, akalifikia beseni la ovaroli, akatapika humo. Nekesa alimshika kiuno na paji la uso mpaka alipomaliza, akampa maji ya kusukutua.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Nimetapika kwako, sasa sisi ni jamaa, kwa hivyo nitaongea kama jamaa. Mtoto hakuja leo. Kwa nini?"

Nekesa akasema habari za nabii. Mama Ciku alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Mimi pia naomba," akasema. "Naomba kwa Mungu asubuhi, halafu naenda hospitali mchana, na sijasikia Mungu akilalamika. Hebu niambie kitu kingine. Wewe unaogopa nini?"

Hapo ndipo dada yangu alipolia mbele yangu kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti yale maneno niliyoyasikia kupitia pazia. Ni mimi. Ni ile rangi. Nilisimama nikamshika, mifupa yangu kwenye nyama yake, nikamwambia sijawahi kufikiri hivyo hata siku moja. Haikumsaidia. Alifikiri namfariji. Mama Ciku aliona hivyo pia. "Mimi mambo ya rangi siyajui," akasema. "Huyu mtoto naye hayajui. Kuna mtu aliyesomea. Kesho tunaenda kumuuliza, na safari hii hatutoki mlangoni mpaka ajibu."

Daktari Mwende alipotuona watatu tumesimama, alikuwa na wagonjwa wengi kama kawaida. Mama Ciku alimwambia kwa Kiswahili cha sokoni, kwamba huyu dada ana swali lililomzuia kula na kumzuia mgonjwa wako kutibiwa, kwa hiyo swali hili ni sehemu ya dawa. Daktari akamgeukia Nekesa. Akasema, "Siku ile uliponiuliza sikukupa hata kiti. Pole. Nifuateni."

Alitupeleka chumba cha maabara, akaweka kioo kidogo chini ya hadubini, akarekebisha, akamwambia Nekesa aangalie kwa jicho moja. Kile kioo kilikuwa na kipande cha shingo yangu, kimepakwa rangi ya waridi na zambarau.

"Unaona nini?"

"Vidoadoa. Vingi sana."

"Hizo ni seli. Sasa tafuta moja kubwa, yenye viini viwili vinavyokuangalia."

Nekesa akatafuta. Nikaona bega lake likiruka. "Nimeiona."

"Sisi huziita macho ya bundi."

Nekesa akaruka nyuma kutoka kwenye hadubini kama mtu aliyeunguzwa. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuulizana ni nani anayeumwa. Daktari akagundua alichosema, akaweka mkono mdomoni, kisha wote wawili wakaanza kucheka, kicheko kile cha mazishini kisichozuilika. "Basi tuseme macho ya mbuzi," daktari akasema. "Rudi uangalie."

Akamweleza pole pole. Kwamba mwili hauishi kwa kukaa. Kila siku seli zinakufa na nyingine zinazaliwa, na kila moja ikizaliwa lazima inakiliwe maagizo yote ya mwili, marefu kupita kitabu chochote. Makosa hutokea kila siku, ndani yake yeye Nekesa, ndani ya daktari mwenyewe. Mengi hurekebishwa. Seli isiyorekebishika hujiua yenyewe, kimya kimya, na mwenye mwili hajui. Mara moja moja kosa linaangukia mahali pabaya, halafu jingine, halafu jingine, mpaka seli inasahau kufa. Hii uliyoiona ilikuwa seli ya kinga, kazi yake ilikuwa kumlinda. Sasa imekataa kufa, na inaita wenzake wazima waje.

"Kwa hiyo hivi vidogo vilivyoizunguka..."

"Karibu vyote ni vizima. Uvimbe wa mdogo wako, sehemu kubwa ni seli nzuri zilizoitwa na mbaya chache."

Nekesa aliangalia tena, muda mrefu. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na rangi?"

Ningetaka daktari aseme haraka kwamba rangi haina neno, yaishe. Hakusema hivyo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo, kwa kuwa Nekesa angejua mara moja kwamba anadanganya. "Ile rangi ni mbaya," daktari akasema. "Mtu akivuta zile dawa za kuyeyushia miaka na miaka kwenye chumba kilichofungwa, zinaweza kuharibu damu, hata kuleta saratani ya damu. Lakini ugonjwa wa aina hii, kwa miezi ile michache? Hapana. Sioni njia. Makosa haya huchukua muda mrefu kukusanyika. Inawezekana la kwanza lilitokea akiwa bado msichana mdogo huko kwenu. Kuna kirusi kimoja tunachokishuku. Karibu sote hukipata tukiwa watoto, na kwa wachache sana huacha alama. Kwa nini yeye na si wewe uliyekula naye sahani moja? Ukinibana, nitakwambia sijui. Si kwamba nakuficha. Hakuna anayejua. Lakini najua si mkono wako."

Nekesa akainuka kutoka kwenye hadubini. Jicho lake moja lilikuwa na alama ya duara. Akasema, "Dawa yake ya jana tunaweza kuipata leo?"

Tulipata siku hiyo hiyo. Jioni Wafula alipakua ugali, na nikamwona dada yangu akimega tonge, akalichovya, akalipeleka mdomoni, kisha jingine, akila na kulia na kumwambia Simiyu aache kumtazama. Nimefikiria sana miaka hii yote kwa nini neno "hatujui" la mara ya kwanza lilituumiza na "sijui" la mara ya pili likatuponya. Nadhani ni kwa sababu la pili lilikuwa na kiti. Mtu alikaa na Nekesa, akamwonyesha kinachojulikana mpaka ukingoni, kisha akamwonyesha ukingo wenyewe.

Lakini Nekesa alikuwa amesikia pia lile la chumba kilichofungwa. Wiki iliyofuata alienda Baba Dogo, akanichukua pamoja naye nikiwa kipara, na akaingia kwenye karakana bila kubisha hodi. Wale wasichana niliofanya nao kazi walinyamaza waliponiona. Mwenye karakana akadhani tumekuja kudai fidia, akaanza kusema hakuna aliyelazimishwa. Nekesa akamwambia, "Huyu hakuugua kwa sababu ya rangi yako. Daktari amesema, nami nakuambia ukweli ujue sikuja kukusingizia. Nimekuja kwa sababu ya hawa waliobaki. Fungua hilo dirisha." Yule bwana akacheka. Nekesa akaenda mwenyewe, akachukua nyundo ya mchomeleaji, akang'oa ubao wa kwanza. Mchomeleaji akang'oa wa pili. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wanapaka rangi nje, chini ya mabati, na vitanda vilipata vumbi kidogo na watu wakavinunua vile vile.

Mzee Otieno alitutoka kabla ya mvua za vuli. Kiti chake kilikaa wazi siku moja, kisha akakikalia mtu mwingine, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Tulienda matangani, mimi na Mama Ciku, na wanawe wawili walitupokea kwa mikono miwili. Sisi tuliobaki tulimaliza dawa zetu. Siku ya mwisho Daktari Mwende alinipapasa shingo, makwapa, tumbo, akaangalia picha ya kifua mara mbili, akasema haoni kitu. Hakusema nimepona. Alisema nirudi baada ya miezi mitatu, na nilirudi, na nikaendelea kurudi mpaka yeye mwenyewe alipochoka kuniona na kunifukuza kwa furaha. Nekesa sasa anaishi Webuye, magoti yanamsumbua, anakula vizuri. Bado ananikaripia kwa simu nikikosa kumpigia Jumapili.

Nafasi ya chuo ilifika mwaka ulipokuwa unaisha. Nekesa alinishonea sketi mbili zenye nafasi ya kunenepa, akanifungia sanduku, akanisindikiza mpaka kwenye basi. "Watakuuliza nywele," akasema. "Usiwaambie ni malaria." Jioni ya kwanza bwenini nilikuta msichana mmoja anapanga vitu kwenye kitanda cha juu, Mkamba mrefu mwenye sauti kubwa. Akanitazama kichwa, zile nywele fupi laini zilizokuwa zinaota kama za kifaranga.

"Wewe ulinyoa kwa nini?"

"Sikunyoa. Nilikuwa na kansa. Dawa ndiyo iliyozitoa."

Akashuka kitandani, akasimama mbele yangu. "Inaambukiza?"

"Haiambukizi."

"Na imeisha?"

"Nadhani imeisha."

"Sawa," akasema, akinivuta mkono. "Twende basi. Hapa ukichelewa ugali unaisha."

Tukakimbia.